Chuma ni cha Sheria, Mbao ni Yetu

Bunduki iliingia nyumbani kwa Polycarpe na Pétronille kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, imefungwa kwenye blanketi la kijivu, na karatasi zake zote zikiwa kamili. Pétronille alikuwa jikoni anachemsha sombe, yale majani ya muhogo. Alisikia hatua za mumewe ngazini, zikipanda polepole kama za mtu aliyebeba mtoto aliyelala, akatoka na mwiko mkononi.

"Ni kintu gani?"

"Iko Mauser," Polycarpe akasema. "Ya zamani. Ya jeshi ya Babelgiji."

"Bunduki? Mu nyumba yangu?"

"Pétro, usikie kwanza. Iko na papier. Polisi balikuja kuuliza majirani kama miye ni mutu muzuri, na bureau ya gavana ikatia sinyatire."

"Sikuulize juu ya papier. Tulikimbia batu ya bunduki, na sasa weye unaileta pa meza ya chakula?"

"Hii haiue mutu. Iko ya kupiga karatasi tu."

Ilikuwa mwaka 1995. Walikaa Forest, mtaa wa Brussels, ghorofa ya pili, katika nyumba nyembamba ya matofali isiyo mbali na kiwanda cha magari ambako Polycarpe alifunga milango ya magari zamu baada ya zamu. Kule kwao Bukavu, mkoani Kivu, alikuwa seremala, tena seremala wa sifa. Mimbari ya parokia yao aliichonga yeye. Hapa hakuna aliyemwuliza kama anajua kushika randa. Pétronille alikwenda kila asubuhi Uccle, mtaa wa jirani, kuwaosha na kuwalisha vikongwe katika nyumba zenye bustani. Hawakujaliwa mtoto. Walikwisha kuacha kulizungumza jambo hilo, na ukimya wake ulikaa nao mezani kama mgeni aliyezoeleka.

Aliyemwingiza Polycarpe katika mambo ya bunduki ni Jean-Marie, Mbelgiji wa ghorofa ya chini, dereva wa tramu aliyestaafu, mjane. Siku moja alimkuta Polycarpe anatengeneza mkono wa ngazi uliovunjika, akasimama kutazama jinsi kiungo kinavyoingia mahali pake bila msumari. Jumamosi iliyofuata alimkaribisha kwenye chumba chake cha chini ya ardhi. Huko walikutana wazee watano sita, kila mmoja na bunduki yake kuukuu iliyouzwa na jeshi baada ya kutotakiwa tena. Kazi yao ilikuwa kuzibadilisha. Waliondoa mbao nzito za kijeshi, wakachonga kitako kipya cha kumkaa mtu begani, wakapinda mkono wa komeo la kufungia risasi, wakaweka kilengeo kizuri zaidi, wakapaka mafuta, wakaenda nje ya mji kwenye uwanja wa shabaha kupiga matundu katika karatasi. Halafu walirudi kubishana kuhusu vanishi.

Siku ya kwanza Jean-Marie alimweleza mipaka. Waliongea Kifaransa.

"Mtutu hutaufupisha hata ukucha. Namba hutaigusa. Risasi zinazoingia ni zile zile zilizoandikwa kwenye kibali. Ukigeuza kitu cha chuma, kwanza kinakwenda Liège kupimwa na kupigwa mhuri. Kumbuka hivi: chuma ni cha sheria, mbao ni yetu."

Polycarpe alicheka, halafu akapapasa ile mbao kuukuu ya jeshi. Baba yake alikuwa askari wa Force Publique wakati wa Wabelgiji, akatembea na bunduki ya namna ile mpaka Abyssinia. Huko alichonga alama ndogo kwenye mbao yake, apate kuitambua gizani kati ya nyingine, na kwa alama hiyo alilazwa kifudifudi mbele ya kikosi akachapwa fimbo. Mbao ilikuwa ya serikali. Polycarpe alikua akiyaona makovu hayo mgongoni mwa mzee kila alipokwenda kuoga mtoni. Na sasa Mbelgiji mwenye miwani ya kamba alikuwa anamwambia achonge anavyotaka.

Akachonga. Jean-Marie alimpa gogo la noyer, ule mti wa jozi, lililokuwa limekauka miaka mingi katika ghala la shemeji yake. Polycarpe alilifanyia kazi jikoni, juu ya meza iliyotandikwa magazeti, akitoka kiwandani. Patasi, tupa, msasa, kitambaa chenye mafuta ya kitani. Pétronille alifagia maganda ya mbao na kunung'unika, lakini usiku ule ule alimweleza dada mmoja wa kwaya kwamba mumewe ameanza tena kupiga mluzi. Miaka minne Ulaya alikuwa hajausikia mluzi huo.

"Unaisugua kama mutoto," alimwambia siku moja.

Alitaka kumtania. Polycarpe aliinua macho, wote wawili wakaona neno lilipoangukia, akarudi kwenye kazi yake.

Kwa kumridhisha mkewe aliweka masharti yake mwenyewe, makali kuliko ya serikali. Bunduki ilikaa katika kabati la chuma chumbani, komeo lake katika droo iliyofungwa kwa ufunguo, na risasi zote zilikaa chini kwa Jean-Marie. Kidogo kidogo Pétronille aliizoea. Hata alikwenda siku moja uwanjani, akaketi kwenye benchi na chupa ya chai, akawaona wale wazee wakimpisha mumewe apige, kisha wakikizunguka kitako chake na kukipapasa, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaompa pole mfiwa. Kilikuwa kizuri. Mistari ya mbao ilitiririka kutoka begani mpaka mkononi bila kukatika, na pale kiganja kinaposhika alikuwa amechora miraba midogo, safi, hata sindano isingepita kando. Kile tu, kati ya vyote alivyokuwa navyo Ulaya, hakukinunua wala hakupewa.

Oktoba 1996 ikafika. Ubelgiji yote ilikuwa katika kilio cha wasichana wadogo waliotekwa na kuuawa, maiti zao zikapatikana kiangazi kile. Kiwandani kwa Polycarpe watu waliweka vifaa chini wakatoka nje, na Jumapili iliyofuata yeye na Pétronille walivaa nguo nyeupe wakaingia mjini kuandamana pamoja na umati usioonekana mwisho. Pétronille alilia kwa ajili ya watoto asiowajua. Walirudi nyumbani miguu inauma, na redio ikasema vita vimefika karibu na Bukavu.

Kabla ya mwezi kwisha Bukavu ilitekwa na waasi. Simu hazikupita. Polycarpe alikwenda Matonge, mtaa wa Waafrika, kila akitoka kazini, kwenye duka la simu, akasimama katika foleni pamoja na watu wengine wa Kivu, kila mmoja na namba yake kwenye kiganja. Kila mmoja aliingia kwenye kibanda cha kioo, akabonyeza, akasubiri, akatoka. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Nje mji uliendelea na mambo yake. Hakuna aliyevaa nyeupe.

Aliyepiga hatimaye ni Bienfait, mpwa wao, kutoka Nairobi. Pétronille ndiye aliyepokea, akampa mumewe simu, akabaki amesimama karibu, akisikia sauti ya kijana ikitoka kama ya mdudu ndani ya kopo.

"Tonton, tulitoka wote. Miye, Bienaimé, na Koko. Tulishika njia ya Bunyakiri."

Bienaimé alikuwa mdogo wake Polycarpe. Koko, yaani bibi, ndivyo wajukuu walivyomwita mama wa ndugu hao wawili.

"Alors?" Polycarpe akauliza.

"Pa barrière, pale balifunga njia, balipiga risasi. Bienaimé alianguka palepale. Hakusema kintu."

"Na mama?"

Bienfait alishusha sauti.

"Koko alikaa chini pembeni yake. Tulimuvuta, akakatala kusimama. Alisema, nendeni, miye nitamuchunga. Batu balikuwa banakuja nyuma, tonton. Tulimuacha."

"Alikuwa muzima?"

"Alikuwa muzima. Alikuwa anamufukuzia inzi."

Polycarpe aliweka simu chini kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima.

Matanga yalifanyika sebuleni kwao, bila maiti. Watu wa parokia walijaa mpaka ngazini, akina maman walipika, kwaya iliimba kwa sauti ya chini kwa sababu ya majirani. Ilikuwa majira yale ambayo Wabelgiji hupeleka maua makaburini, na Jean-Marie alipanda juu na chungu cha krisantemu, akasimama mlangoni hajui akiweke wapi. Kaburi la kukiweka halikuwapo. Polycarpe alimshukuru kila aliyekuja, kwa jina, akamsindikiza mpaka chini. Hakulia. Watu walisema amejikaza kiume. Pétronille alitamani angeanguka na kupiga kelele.

Baadaye Polycarpe alirudi kwenye kitako chake. Hakukuwa na kazi iliyobaki pale. Kilikuwa kimekwisha tangu kiangazi. Lakini alikitoa kwenye chuma, akakiweka mezani, akachukua msasa akaanza upya. Alisugua mafuta yote yakatoka, akapaka mengine, yalipokauka akasugua tena. Ile miraba midogo ya kiganjani aliifuta, akaichora, akaifuta. Mluzi ulikuwa umekwisha. Jumamosi hakushuka tena kwa Jean-Marie, ikabidi Jean-Marie apande, na alipokipima kile kitako mkononi uso ulimbadilika.

"Polycarpe, inatosha. Kimekuwa chembamba. Ukiendelea hivi kitapasuka."

"Bado hakijalainika," Polycarpe akasema.

Kiwandani alipewa likizo ya ugonjwa. Alikula akiambiwa ale, alilala akiambiwa alale. Ukimwuliza alijibu, "Niko bien," kwamba ni mzima, na akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomtisha Pétronille kuliko kitu kingine.

Siku moja ya Februari kikongwe aliyekuwa akimtunza Uccle alipelekwa hospitali, Pétronille akarudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Aliita, hakujibiwa. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi nusu. Polycarpe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bunduki imesimama kati ya magoti yake, kitako sakafuni, mtutu umeegemea shavu. Komeo lilikuwa mahali pake. Macho alikuwa ameyafumba. Kando yake, juu ya shuka, kulikuwa na risasi moja ya shaba inang'aa.

Hakupiga ukelele. Alirudi kinyumenyume mpaka jikoni, akafungua bomba, akagonganisha sufuria ili asikike. Baada ya kitambo alisikia kabati la chuma linafungwa. Polycarpe akatokea.

"Umerudi mbio leo. Kuko chai?"

Alimpikia chai. Alipomaliza kunywa, Pétronille alisema anashuka kutupa takataka, akaenda kugonga kwa Jean-Marie.

Jean-Marie alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaketi.

"Ngoja niongee naye kwanza," akasema. "Ukienda polisi watamnyang'anya, na hawatamrudishia. Akishaandikwa kwamba si mtu wa kuaminiwa na silaha, mlango huo haufunguki tena. Unajua kitu kile ni nini kwake."

"Najua. Na ukiongea naye, akakujibu yuko bien, utafanya nini?"

Jean-Marie alivua miwani akaifuta.

Usiku kucha Pétronille alilala na mkono juu ya kifua cha mumewe, akihesabu pumzi kama anavyowahesabia wagonjwa wake. Asubuhi alivaa koti la kanisani akaenda kituo cha polisi cha mtaa.

Walikuja wawili mchana huo, wapole, kofia mikononi. Majirani walifungua madirisha. Polycarpe aliwasikiliza mpaka mwisho, akamtazama mkewe mara moja, akaenda kufungua kabati mwenyewe. Aliwapa bunduki, akawapa komeo, akawapa karatasi. Mkubwa wao aliigeuza mwangani, kidole gumba kikapita juu ya mbao.

"Nani alichonga hii?"

"Ni mimi, bwana."

"Ni kazi nzuri sana." Aliona haya kuwa amesema hivyo. "Na risasi? Bibi alitaja risasi."

Polycarpe aliitoa mfukoni akamwekea kiganjani. Polisi aliitazama kwa nyuma, akaitikisa karibu na sikio, akamwonyesha mwenzake. Ilikuwa ya bandia. Haikuwa na baruti wala fataki. Jean-Marie alimtengenezea zamani, hata akaisahau, ya kujaribia kama komeo linapita vizuri.

"Hii haiwezi kumwua hata nzi," polisi akasema. "Lakini ripoti imekwisha kuandikwa, bwana. Tunaichukua."

Polycarpe aliwasaidia kuifunga katika lile blanketi la kijivu.

Walipoondoka, mume na mke walibaki jikoni. Alikaa yeye, Pétronille hakuthubutu kukaa.

"Ulifikiri nini?" Polycarpe akauliza.

"Nilikukuta pa kitanda. Macho umefunga. Nilifikiri unaenda."

"Nilikuwa nasikia harufu ya mbao."

"Polycarpe..."

"Ungeniuliza, Pétro."

"Ungenijibu?"

Alifikiri juu ya swali hilo kweli, Pétronille alimwona anafikiri. Halafu akainuka, akachukua koti, akatoka kutembea. Kama jibu alikuwa nalo, alikwenda nalo.

Tangu siku ile hakumwita tena Pétro. Alimwita madame, kwa heshima, kama anavyoitwa mtu wa dirishani posta. Alisema merci madame kwa chakula, pardon madame akipita mlangoni. Hakumpiga, hakumtukana, hakulala nje. Mbele ya watu wa parokia alimsogezea kiti. Pétronille alipiga magoti mbele yake mara moja, sakafuni, akaomba msamaha, naye akamwinua kwa mikono miwili akamwambia, "Hapana, madame, hamuna kosa," na ile *hamuna* ya wingi ilimkata kuliko kofi.

Kibali kilifutwa. Walimpa njia tatu: kuiandika bunduki kwa jina la mtu mwingine mwenye kibali, kuiziba mtutu iwe pambo la ukutani, au kuiacha iyeyushwe. Jean-Marie alipanda mbio.

"Iandike kwa jina langu. Itakaa kwangu, utapiga nayo ukiwa pamoja na mimi. Sheria inaruhusu, nimeuliza."

"Waiyeyushe," Polycarpe akasema.

"Mungu wangu, kwa nini?"

"Ulisema chuma ni cha sheria. Wachukue chuma chao."

"Na mbao? Kwa sheria mbao si silaha. Nikiwaomba watanipa."

"Utaifanyia nini?"

Jean-Marie aliomba, akapewa. Alikuja na kitako kimefungwa kwenye karatasi ya duka la mikate, Polycarpe akakataa hata kukigusa. Jean-Marie alijaribu kukiingiza kwenye bunduki yake mwenyewe, kikakataa. Chuma chake kilikuwa cha aina nyingine. Akakiweka juu ya rafu kule chini, na wale wazee wengine waliacha kukizungumzia.

Katikati ya mwaka 1997 nchi yao ilibadilishiwa jina, watu wakacheza Matonge, magari yakapiga honi. Polycarpe alinunua tikiti. Alimwambia Pétronille kwamba anakwenda kutafuta pale mahali mama yake alipokaa chini. Pétronille aliomba waende wote.

"Mubaki, madame. Kuko kazi yenu."

Alipiga simu mara moja tu, kutoka Bukavu. Laini ilikuwa safi, kana kwamba yuko chumba cha pili.

"Nilifika pale. Bienfait alinielekeza bien. Mutu amelima mihogo."

"Mihogo?"

"Shamba nzima. Imekomaa. Nilimuuliza kama alikuta mifupa wakati wa kulima. Alisema alikuta mingi, hakujua ya nani na nani. Alirudisha yote mu udongo. Ni mutu muzuri. Alinipa chakula. Nilikula, Pétro."

Jina hilo lilimfanya ashike simu kwa mikono miwili.

"Rudia nyumbani," akasema. "Nakuomba. Tutaanza tena."

"Niko nafikiri," Polycarpe akasema, na pesa za simu zikaisha.

Agosti ya mwaka uliofuata vita vikaanza upya. Bienfait alisikia kutoka kwa mtu kwamba tonton alikuwa akitengeneza majeneza huko Walungu. Mwingine alimwambia hapana, yule ni seremala mwingine. Baadaye hata maneno hayo yalikauka. Akina maman wa parokia walimjia Pétronille kwa upole, wakasema mwaka umepita, pengine tukae matanga, upate kupumzika. Alikataa. Kukaa matanga ni kusema anajua, naye hakujua kitu.

Jean-Marie alizeeka ghafla, magoti yakamshinda, na Pétronille ndiye aliyemletea mkate na supu akitoka kazini. Siku moja, akimfungia vifungo vya sweta, mzee alimshika kifundo cha mkono.

"Nimekuwa nikijiuliza," akasema. "Ile siku, ningepanda tu nikakaa naye. Pengine..."

"Papa Jean-Marie, acha."

"Wewe hujiulizi?"

Pétronille alimaliza kifungo cha juu, akakunja kola vizuri.

"Kama ningenyamaza, pengine leo ningekuwa na kaburi hapa Brussels, la kupelekea maua," akasema. "Au ningekuwa na bwana. Ile moja kati ya mbili, sitaijua hata nikifa."

Alimmiminia supu, akampa kijiko, akapanda juu. Aliwasha redio, akasikiliza jina la Kivu likitajwa katikati ya habari nyingine, kisha hali ya hewa, akakaa mezani na koti lake mwilini mpaka ilipofika saa ya kulala.